Rangi ya sila ya mbao: usiiamini ikiwa mbichi

Sila, kimiminika cha kuziba vinyweleo vya mbao kabla ya vanishi, hudanganya ikiwa mbichi. Ya maji huwa nyeupe kama maziwa, ya tina (thinner) huitia mbao weusi ambao sehemu yake itapotea ikikauka, na ya mafuta huendelea kugeuka njano hata miezi baada ya kukauka. Rangi isomwe kwenye kipande cha majaribio, si kwenye mlango wa mteja.

Hatua ya 1. Kata kipande cha sentimita 40 kutoka mbao ileile ya kazi. Kipige msasa namba 120, 180, kisha 240, sawasawa na kazi yenyewe. Ukiishia 120, nyuzi zitakunywa sila zaidi na kipande kitatoka na rangi nzito kuliko mlango.

Hatua ya 2. Futa kona moja kwa kitambaa chenye tapentaini. Rangi utakayoiona kabla tapentaini haijaruka hewani inakaribiana sana na ile ya mwisho. Mninga huiva ukawa kahawia nyekundu.

Hatua ya 3. Koroga kopo mpaka chini. Utope mweupe uliotuama ni unga unaorahisisha kupiga msasa. Usipokorogwa, sila ya mwisho wa kopo itatoka na ukungu. Sila ya tina ichanganye na tina nusu kwa nusu, isipokuwa kopo limeelekeza vingine.

Hatua ya 4. Gawa kipande sehemu tatu: bila sila, mkono (tabaka) mmoja, mikono miwili. Andika saa kwa penseli. Ya tina hupigika msasa baada ya saa 1 hivi. Ya maji utaiona ikiangaza kuanzia palipo pembamba, na weupe ukichelewa kwenye michirizi ya brashi. Palipo panene sana hubaki ukungu wa kibuluu ambao hauondoki. Soma rangi kesho yake, nje, mchana.

Hatua ya 5. Piga msasa 320 kwa mkono mwepesi. Mbao itajaa unga mweupe, usishtuke. Ila utoe wote kwa brashi kavu, hasa kwenye vinyweleo vya mninga, la sivyo vanishi itaufungia humo kama vidoa vya chokaa.

Sasa ule weupe unaowatesa mafundi wa Dar, Tanga na Mombasa wakati wa masika. Tina ikiruka haraka hupoza uso wa mbao, unyevu wa hewani unaganda juu ya sila, na kazi yote inavaa ukungu. Kuongeza mkono mwingine ni kuufunika tu. Subiri jua la saa tano asubuhi, kisha puliza tina inayokauka polepole, nyembamba kabisa: sila italainika, unyevu utatoka, rangi itarudi. Ikikataa, kwangua uanze upya.

Na kabati la mpaini: ukilipaka vanishi ya mafuta ndani na nje, ndani kutawahi kuwa njano, maana vanishi hiyo hugeuka zaidi gizani. Ndani tumia ya maji.