Namna ya Kupima Mvua Nyumbani na Kuusoma Mwenendo Wake

Mwisho wa msimu tumezoea kuulizana kama mvua ilikuwa nyingi au chache, ilhali linalomhusu zaidi mkulima ni jinsi ilivyonyesha. Milimita 300 zikigawanyika katika siku 40 za mvua huweza kustawisha mahindi. Zikimwagika kwa siku nane tu, hung'oa miche, hubeba udongo wa juu hadi korongoni na kuliacha shamba likipasuka kwa jua.

Chukua chupa ya maji ya plastiki yenye ubavu ulionyooka, ikate chini kidogo ya mabega, kisha geuza kipande cha juu na ukipachike kama faneli. Tia kokoto ili upepo usiiangushe, mimina maji hadi yazifunike na kupita mikunjo ya kitako, chora hapo mstari wa sifuri na ubandike rula kuanzia mstari huo. Iweke mahali pa wazi, mbali na mti au nyumba kwa angalau mara mbili ya kimo chake. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuitega karibu na upenu.

Soma kila siku saa 3 asubuhi, kisha rudisha maji kwenye sifuri. Isiponyesha, andika 0, maana nafasi tupu haisemi kama kulikuwa kukavu au ulisahau. Tumia penseli, wino huyeyuka daftari likilowa.

Milimita 1 ni lita 1 katika kila mita ya mraba, kwa hiyo paa la mita za mraba 30 likipata milimita 50 hupokea lita 1,500.

Msimu ukiisha, hesabu siku zilizofikisha milimita 1, tafuta siku iliyonyesha kuliko zote, na pima kipindi kirefu zaidi cha ukavu. Hewa inapopata joto la nyuzi 1 zaidi huweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, na joto hilo hilo hukausha udongo upesi. Ndiyo maana mafuriko na ukame vinaweza kuzidi kwa pamoja. Sehemu za Kenya, Somalia na Ethiopia zilikosa mvua za kutosha misimu mitano mfululizo tangu mwishoni mwa 2020, kisha vuli ya 2023, iliyochochewa pia na El Niño (kupanda kwa joto la maji ya Bahari ya Pasifiki kuliko kawaida), ikaleta mafuriko.

Msimu mmoja hautoshi kuonyesha mabadiliko ya tabianchi. Linganisha daftari lako na wastani wa miaka 30 wa kituo cha hali ya hewa kilicho karibu nawe.