Shoo zikisimama ghafla, kikundi chako cha taarabu kisife: tulivyofanya Tanga wakati wa korona

Wenzangu wenye vikundi, hasa hivi vidogo vya taarabu na bendi za harusini, naandika hii kwa sababu mwezi huu tu watu watatu wameniuliza swali lilelile, nyie mlivukaje kile kipindi mpaka leo mnapiga na vyombo vyenu vyote mnavyo. Mimi ndo mshika hela wa kikundi chetu hapa Ngamiani, Tanga mjini, kila senti iliyoingia na kutoka imepita kwenye daftari langu, kwa hiyo nitasema tulichofanya na pale tulipokosea pia, kila mtu achukue kinachomfaa.

Kwanza mkumbuke ilivyotukuta. Machi 16, 2020 Ummy Mwalimu, mtu wetu wa Tanga, alikuwa Waziri wa Afya, akatangaza mgonjwa wa kwanza nchini. Kesho yake Waziri Mkuu Majaliwa akafunga shule na kuzuia mikusanyiko, muziki umo, kwa siku 30 za mwanzo. Sasa asiye wa kazi hii hajui tarehe hiyo ilitukata wapi. Mwaka ule mfungo ulianza mwishoni mwa Aprili, maana yake tulikuwa tunaingia Shaabani, na Shaabani ndo mavuno yetu jamani, kila mzazi anataka aozeshe kabla ya Ramadhani. Tulikuwa na shughuli saba kwenye daftari, zote zikafutika ndani ya wiki moja, halafu mfungo ukaingia na kwenye mfungo taarabu hailii hata kusipokuwa na ugonjwa, kwa hiyo kuanzia katikati ya Machi mpaka Idd hatukushika hata mia.

Ukisahau mengine yote hili usilisahau: usiuze vyombo. Njaa ikibana wa kwanza kutazamwa ni kinanda na spika, na wanunuzi wanajua, watakuja wenyewe na bei ya kukulaza. Vikundi viwili ninavyovijua viliuza mwezi wa tano, na shughuli zilipoanza kurudi wakawa wanakodi vyombo kila wakiitwa, hela yote inaishia kwa mwenye vyombo, mwishowe waimbaji wakatawanyika. Sisi tuliuza viti vya plastiki na jenereta. Jenereta iliniuma sana, ila jenereta unaazima, kinanda ambacho mpigaji wako amekizoea na sauti zake zote kazipanga humo ndani huwezi kukiazima popote.

Af kutokuuza peke yake haitoshi, vyombo vikikaa vinakufa vyenyewe hasa huku kwetu pwani. Hapa ndo tulipokosea. Tulifunga stoo tukaweka kufuli tukasema tumemaliza, baada ya wiki kama tano nikaenda kuchungulia, nyuzi za gita zote zimeshika kutu nyekundu ukizigusa zinaacha rangi kidoleni, panya wametafuna waya mbili za maiki, na miksa ukisukuma vile vitufe vya sauti inakwaruza kama mtu anakanyaga kokoto. Chumvi ya bahari na unyevu hauna huruma. Toka siku ile tukaweka utaratibu, kila Jumapili mmoja wetu anafungua stoo asubuhi, madirisha wazi upepo upite, anawasha kinanda na amplifaya nusu saa hata kama hakuna anayepiga, anasukuma kila kitufe cha miksa juu chini mara kumi ishirini hivi, nyuzi anafuta kwa kitambaa kikavu na kuzilegeza kidogo. Spika usiziweke chini kwenye sementi, zinyanyue juu ya mbao. Na vile vipakiti vidogo vya punje vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vipya msivitupe, tia kwenye mkoba wa gita na kwenye boksi la maiki, vinanyonya unyevu. Ngoma za ngozi zitoeni zipate hewa lakini sio kuziacha juani mchana kutwa, zitapasuka.

Mazoezi nayo msiache, ila mjue mnafanyaje. Kuimba kunatoa pumzi nyingi kuliko kuongea, na chumba kilichofungwa ndo hatari yenyewe. Kule Marekani, jimbo la Washington, kaunti ya Skagit, Machi 10, 2020 kwaya moja ilifanya mazoezi ya ndani masaa mawili na nusu, watu 61, mmoja anaumwa, wakaja kuugua 53 na wawili wakafariki. Nilipoisoma ile nilikataa kabisa mazoezi ya chumbani hata pale watu walipoanza kuniona naogopa sana. Tukahamia uani chini ya mwembe, waimbaji wametawanyika, kila mtu na maiki yake na sponji yake haichangiwi, anayekohoa anabaki nyumbani na hatumnunii. Ugonjwa wowote wa hewa ukija tena fanyeni hivyohivyo. Mara moja kwa wiki inatosha, sio lazima mtunge nyimbo mpya, la muhimu sauti zisisahauliane na watu waendelee kuonana. Kikundi kinaanza kufa pale watu wanapoacha kuonana.

Watu wataondoka kutafuta riziki, waacheni kwa moyo mweupe. Mpiga besi wetu alienda soko la samaki la Deep Sea kuuza samaki, mwimbaji mmoja akawa anakaanga maandazi, mwingine bodaboda. Kuna kiongozi wa kikundi kingine aliwatangazia wote walioondoka kwamba nafasi zao zimejazwa, hasira tu, hakurudi hata mmoja. Sisi tulihamisha muda wa mazoezi ukawa alasiri, samaki wakiwa wameshaisha, na mpiga besi hakukosa hata wiki.

Hela sasa. Wenzetu nje serikali ziliwashika mkono, Uingereza ilitenga pauni bilioni 1.57 kwa ajili ya sanaa na utamaduni, Marekani zaidi ya dola bilioni 15 kwa kumbi na waandaaji. Sisi ilibidi tubuni. Kupiga laivu mtandaoni tulijaribu mara mbili, bando limeenda, sauti mbovu maana simu ilikuwa inadaka mlio wa chumba badala ya miksa, waliotazama wengi na waliotuma hela wachache. Kilichotubeba ni kitu kidogo kabisa, wimbo wa kumtaja biharusi. Ndoa hazikukoma bwana, zilifungwa nyumbani na watu wachache, na mama wa biharusi bado anataka mwanawe aimbiwe. Tukawa tunachukua wimbo wetu, tunaingiza jina la biharusi, la wazazi na la mtaa, tunarekodi kwa usafi na kumtumia wasap. Elfu ishirini mpaka thelathini. Ndugu walioko Muscat na Dubai ambao hawakuweza kuja ndo walikuwa wateja wazuri kuliko wote, anaagiza kwa ajili ya mdogo wake na analia kwenye ujumbe wa sauti akikushukuru. Hii kazi tunaifanya mpaka leo.

Advansi nayo iandikeni. Mwenye ukumbi mmoja alikaa na hela yetu mpaka leo kwa sababu tulikubaliana mdomoni. Siku hizi tuna karatasi ya nusu ukurasa tu, serikali ikizuia shughuli au kukiwa na msiba wa taifa tarehe inasogezwa ndani ya miezi sita bila kuongeza hela, ikishindikana nusu inarudi, sahihi mbili na namba za simu. Nasema msiba wa taifa kwa makusudi. Machi 17, 2021, mwaka mmoja kamili toka ile amri ya kwanza, Rais Magufuli alifariki, nchi ikaingia maombolezo na sisi tukasimama tena, kipindi kilekile cha kabla ya mfungo. Waliokuwa na karatasi waliongea na wateja wao kwa amani.

Kurudi kulikuwa kwa vipande. Bara huku mambo yalianza kulegea kuanzia Juni 2020, ila sisi Watanga kuna hela inatoka Mombasa, unavuka mpaka wa Horohoro unapiga harusi mbili unarudi, na Kenya amri ya kutotoka nje usiku iliondolewa Oktoba 20, 2021. Mwaka na nusu hiyo njia haina usiku. Tulichofanya ni kuwapigia wateja wa Mombasa kila Idd, salamu tu, hatuombi kazi. Usiku ulipofunguliwa wakatupigia wao. Na mnaporudi msikimbilie kushusha bei ili mpate shughuli nyingi, maana mteja akishakulipa laki tatu hatakulipa tena laki sita. Punguzeni wapigaji, mwende watano badala ya kumi, bei ya kichwa ibaki ileile.

Akiba sisi tunatoa kabla ya kugawana, kila laki moja elfu kumi inawekwa, alfajiri ileile, kabla mtu hajavua nguo za shughuli. Lengo ni kodi ya stoo miezi mitatu na unga wa kila nyumba. Na kazi zenu sajilini COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya serikali, Januari 2022 waligawa mirabaha, yaani hela za wenye nyimbo, na wasiosajiliwa walibaki kusikia redioni.

Mwisho ni kutunza, sio vyombo, ni zile hela watu wanazomtunza mwimbaji akiwa anaimba. Korona ndo iliyotuletea lipa namba, ile namba ya kulipia kwa simu, watu waliogopa kushikana noti, tukaandika namba kwenye kadibodi tukaisimamisha pembeni ya beseni. Ni nzuri sana, watu wanatunza mpaka wakiwa kwao. Ila laini isajiliwe kwa jina la kikundi, sio la mwimbaji anayependwa, na ujumbe wa kila muamala usomwe mbele ya wote kabla ya kugawa.