Sirapu ya laktulosi kwa choo kigumu: namna ya kupima, kunywa na kurekebisha dozi

Laktulosi si kama msanamaki, ambao unaunywa usiku na asubuhi ukakimbilia chooni. Ni sukari ambayo utumbo mwembamba hauisagi. Hufika nzima kwenye utumbo mpana, bakteria wakaivunja kuwa asidi, maji yakavutwa ndani ya utumbo na choo kikalainika. Yote hayo huweza kuchukua hadi saa 48. Wengi hukosea hapo: kanywa asubuhi, jioni haoni kitu, anaongeza, siku ya tatu anaharisha.

1. Kwanza, tumbo halijaziba? Ukiwa unatapika, tumbo limevimba na linauma, hata ushuzi hautoki, usinywe. Nenda hospitali. Choo chenye damu nacho kikaonwe na daktari. Mwenye galaktosemia (ugonjwa wa kuzaliwa nao, mwili hauwezi kutumia sukari iitwayo galaktosi) haruhusiwi kabisa. Mwenye kisukari amwambie mfamasia, kwa sababu sirapu hii ina sukari nyingine kidogo.

2. Soma lebo. Vipimo vilivyo hapa ni vya sirapu yenye gramu 10 za laktulosi katika mililita 15.

3. Pima. Mtu mzima huanza na ml 15 mara mbili kwa siku. Mtoto wa miaka 5 hadi 17 ni ml 5 hadi 20 mara mbili; wa mwaka 1 hadi 4, ml 2.5 hadi 10 mara mbili. Kwa watoto anza na kiwango cha chini. Aliye chini ya mwaka asipewe bila daktari.

Achana na vijiko vya jikoni, havilingani. Weka kikombe cha kupimia mezani, inama usome mstari ukiwa sawa na jicho. Ukikishika mkononi kinainama na kipimo kinakudanganya. Sirapu ni nzito na hubaki ukutani mwa kikombe, kwa hiyo suuza kwa maji kidogo uyanywe. Kwa mtoto, bomba la sindano lisilo na sindano ni bora zaidi.

4. Kunywa kabla au baada ya chakula. Ikikushinda utamu, changanya na maji au juisi. Kunywa maji glasi 6 hadi 8 kwa siku, isipokuwa daktari amekupunguzia maji kwa ajili ya moyo au figo.

5. Endelea kunywa, ila usibadili dozi kwa siku mbili. Gesi na tumbo kunguruma ni kawaida mwanzoni. Zikizidi, rudi nusu kisha panda taratibu. Choo kikilainika, mtu mzima anaweza kushuka hadi ml 15 kwa siku. Ukiharisha, acha mpaka utulie, halafu anza na nusu. Hasa anayetumia furosemaidi (dawa ya kukojosha) au digoksini (dawa ya moyo) asipuuze kuharisha: potasiamu, madini ya mwilini, hushuka, na moyo huumia. Ukisahau dozi, usinywe mbili kwa mpigo.

6. Wiki imepita, hakuna nafuu? Tazama dawa nyingine unazotumia. Vidonge vya madini ya chuma, na dawa za maumivu kama kodeini, tramadoli na mofini, hufunga choo. Usiziache mwenyewe, muulize aliyekuandikia. Kwa mofini, kulainisha peke yake mara nyingi hakutoshi; huongezwa dawa ya kuusukuma utumbo, kama bisakodili.

Sirapu ikikoza rangi haijaharibika. Usiigandishe, na futa mdomo wa chupa kabla ya kufunga, vinginevyo sisimizi watakutangulia.