Unadaiwa mkopo wa simu na unatishiwa? Fanya hivi

Jamani hii mikopo ya kausha damu, yenye riba ya kuumiza, imetufikisha pabaya, hapa Dodoma kuanzia Majengo sokoni mpaka Nkuhungu watu wanazima simu kisa meseji za vitisho. Kudaiwa sio kosa la jinai, na wewe unayedaiwa una haki zako.

Kwanza usilipe kwa kupaniki. Dai stetimenti: ulikopa shilingi ngapi, riba kiasi gani, faini kiasi gani, umeshalipa ngapi. Wakikurushia namba tu ya kutuma hela, tena yenye jina la mtu binafsi, ngoja kwanza. Cheki kama wana leseni ya Benki Kuu (BoT), maana Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inawataka wawe nayo, na Novemba 2024 BoT ilitaja apu 69 zilizokuwa zinakopesha bila kibali. Sisemi usirudishe ulichokopa, nasema ujue unamlipa nani.

Sasa zile meseji. "Fulani amekimbia na hela zetu, wewe ni mdhamini wake, mwambie alipe kabla ya saa kumi." Hiyo inaenda kwa shemeji, kwa mwenyekiti wa kikoba, mpaka kwa fundi aliyekutengenezea baiskeli mwaka juzi, kwa sababu siku unapakua apu ulibonyeza "ruhusu" ikazoa namba zote za kwenye simu. Mtu hawi mdhamini kwa sababu namba yake umeisevu, mdhamini anakubali mwenyewe. Taarifa zako zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na ipo Tume inayopokea malalamiko, kwa hiyo waombe waliotumiwa wapige skrinshoti inayoonyesha namba na tarehe. Aibu isikufanye ufute ushahidi.

Wakikutishia polisi, deni ni kesi ya madai, waende mahakamani. Kadi ya benki na namba ya siri usimwachie mtu yeyote. Kama uliweka nyumba rehani kuna notisi ya siku 60 kwanza, na nyumba ya familia haiwekwi rehani bila mwenza kuridhia, hilo wengi hawalijui kabisa.

Kitu kingine ni ripoti yako ya mikopo, yaani rekodi ya ulichokopa na ulivyolipa. Tanzania kampuni zinazotunza hizi taarifa ni Creditinfo na Dun & Bradstreet, una haki ya kuona walichoandika juu yako na kupinga kilichokosewa. Ukiipata angalia mikopo usiyoijua, halafu ile uliyomaliza, maana unaweza kumaliza rejesho la bodaboda vizuri tu, mkopeshaji asipeleke taarifa, na wewe unaendelea kusomeka unadaiwa. Ndio maana siku ya rejesho la mwisho usitoke ofisini bila barua ya kumaliza mkopo. Ukikuta kosa andika barua kwa kampuni na kwa mkopeshaji, ambatanisha hiyo ya kumaliza mkopo. Na hizo kampuni haziamui ukopeshwe au usikopeshwe, anayeamua ni mkopeshaji mwenyewe.

Malalamiko anza nayo kwa mkopeshaji, kwa maandishi, nakala yako igongwe muhuri. Wakikuzungusha nenda BoT, sie wa Dodoma makao makuu yake yapo hapa hapa, Barabara ya Jakaya Kikwete. Beba mkataba, miamala ya simu, skrinshoti na ile nakala yenye muhuri, maana swali la kwanza litakuwa kama ulishaanza kwa mkopeshaji.