Kutazama ndege kutoka Dodoma: anza kwa kukaa

Ndege wa kwanza niliyemjua vizuri alikuwa kwelea, na nilimjua kama adui. Nikiwa na miaka tisa bibi yangu alikuwa akinipandisha kwenye dungu katikati ya shamba lake la mtama, upande wa Bahi, jua halijachomoza, mkononi debe bovu na fimbo, miguuni rundo la mabonge ya udongo. Kazi yangu ni kuamia, yaani kuwafukuza kwelea wasile mtama. Ukisinzia kidogo bibi anajua, maana jioni hakuulizi kitu, anashika masuke tu na kuyageuzageuza. Niliamia misimu minne. Leo, Jumamosi nikiwa sina zamu kazini, napeleka watu kutazama ndege, na ninachowafundisha ni kilekile cha dunguni: ndege hafuatwi kwa miguu. Unakaa mahali pamoja, unanyamaza, anakuja mwenyewe. Kilichobadilika ni kwamba debe nimeliacha.

Wengi wanaonipigia simu wanataka msitu. Wameona picha za hondohondo na za ndege wa kijani wenye mabawa mekundu, basi safari ya kwanza tu wanataka kupanda mlima. Nawaambia waanze na maji. Bwawani ndege yuko wazi, mkubwa, na akitua anakaa. Msituni utasikia ishirini, utaona wawili, mmoja wao ni mgongo. Mtu akianzia huko anarudi na shingo inauma na kusema kazi hii haina maana.

Tuanze na darubini, kwa sababu hapo ndipo pesa zinapopotea. Kwenye darubini utakuta namba mbili, kwa mfano 8x42. Ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. 8x42 inatosha kabisa. Ukipanda hadi 10 unaona karibu zaidi lakini mkono ukitetemeka na ndege anatetemeka, na eneo unaloliona linapungua. Zile za barabarani zilizoandikwa mara 50 waachie wauzaji wake. Kama unavaa miwani, teremsha zile pete za mpira za jichoni, la sivyo utaona duara dogo tu lililozungukwa na weusi na kudhani darubini ni mbovu.

Namna ya kuitumia inawashinda watu wazima kwa wiki nzima. Mtu anaona ndege, anainama kutazama darubini iko wapi, anaiinua, ndege hayupo. Usiinamishe kichwa. Mkazie ndege macho, usiyatoe, halafu leta darubini machoni pako kama unavyoleta kikombe mdomoni huku unatazama taarifa ya habari. Fanya mazoezi nyumbani na kunguru juu ya nguzo ya umeme. Mara hamsini, si tano.

Halafu vumbi. Dodoma hii kuanzia Juni hadi Novemba vumbi linaingia hata kwenye jagi lililofunikwa. Usifute kioo na shati. Mimi nilifuta, siku ya tatu tu tangu niinunue, nikiwa kwenye pikipiki na haraka zangu. Mchanga ukapita juu ya kioo na mikwaruzo ipo mpaka leo, nikitazama upande wa jua naona kama utando wa buibui. Puliza kwanza, ondoa mchanga, ndipo ufute kwa kitambaa laini cha miwani.

Nguo ziwe za rangi iliyopauka: kijani kilichofifia, kahawia, kijivu. Shati jeupe linaonekana bwawa zima. Lakini usinunue lile vazi la mabaka linalofanana na la jeshi, hata ukalipata mtumbani kwa bei ya bure. Kwa raia ni kosa kisheria na utalala ndani kwa ajili ya yangeyange. Na hiyohiyo darubini usiinue popote penye uzio wa serikali, kambi au daraja la reli. Niliwahi kusimama barabarani kumtazama mwewe juu ya mti, sikujua mti ule uko ndani ya uzio wa nani. Mlinzi aliniweka kivulini kwa saa mbili nieleze. Nilimwonyesha daftari langu. Alilisoma ukurasa kwa ukurasa, mwishoni akauliza, "Kaka, na hawa ndege unawauza wapi?"

Sasa wakati. Watu husema msimu wa ndege ni masika, wanaacha nusu ya habari. Mvua zetu huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukatika Aprili. Miezi hiyo wageni kutoka Ulaya na Asia wako huku: vitwitwi wa aina nyingi, mbayuwayu, korongo weupe, chole wa buluu anayekaa juu ya waya. Ndipo mbuga ya Bahi inapojaa maji na kwelea dume anapovaa barakoa nyeusi usoni na mdomo mwekundu, huku jike mwenye mayai mdomo wake ukigeuka wa njano. Nimekaa dunguni misimu minne nikiwatupia udongo na sikuwahi kuliona hilo. Lakini Agosti hadi Oktoba nako kuna raha yake. Vidimbwi vyote vimekauka, ndege wa mkoa mzima wamebaki na mabwawa machache, na ukingo wa matope umekuwa mpana. Hapo nenda Hombolo.

Bwawa la Hombolo lilijengwa mwaka 1957, na toka mjini ni kama kilomita 40, unapita barabara ya Morogoro na kukata kushoto Ihumwa. Daladala zipo, ila hazikufikishi kabla ya jua, kwa hiyo ongea na bodaboda tangu jana yake. Ukifika utaona mashamba ya zabibu, na maji mbele yako. Kaa upande wa mashariki wa maji asubuhi, jua liwe mgongoni. Hili ni jambo dogo linaloharibu safari nyingi: ukilikabili jua, kila ndege ni mweusi, na utarudi umeandika wanandi mia moja.

Mtera ni mbali zaidi, njia ya Iringa, na ni pakubwa. Bwawa likijaa linazidi kilomita za mraba 600. Nenda kwa ajili ya mwari, mnandi na furukombe, yule tai wa kichwa cheupe ambaye utamsikia kabla hujamwona. Kuna mamba na viboko, basi kusogelea maji kwa kuchuchumaa eti upige picha nzuri ni ujinga. Ukutani pa bwawa usitoe kamera. Singida kuna maziwa ya magadi, Singidani na Kindai, yote pale mjini, na miaka mingine utakuta heroe, yaani flamingo, wamepanga mstari wa waridi. Miaka mingine hakuna hata mmoja, kwa hiyo usimwahidi mtoto.

Kwangu mimi bora ni Bahi, mwezi wa Februari au Machi. Kilomita kama 60 kutoka Dodoma, njia ya Singida. Natoka saa kumi alfajiri na chapati mbili, karanga na maji lita tatu. Nikifika siendi mbugani moja kwa moja. Napita kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji, nasema mimi ni nani, natoka wapi, natafuta nini, naondoka saa ngapi. Wengine huona ni usumbufu. Mtu asiyejulikana, amevaa buti, ana darubini, anazunguka kwenye mpunga wa watu alfajiri: wewe ungemwita nani? Siku yangu ya kwanza kurudi pale nikiwa mtu mzima nilimkuta mama mmoja kwenye tuta la mpunga.

"Mbukwenyi, mama."

"Mbukwa. Mwanangu, umepoteza ng'ombe?"

"Hapana mama, nawatazama ndege."

Akanyamaza kidogo. "Basi njoo uwatazamie huku kwangu, wanamaliza mpunga."

Nikakaa kwenye tuta lake mpaka saa tatu. Yeye anaamia upande mmoja, mimi natazama upande wa pili, na ni yeye aliyenionyesha sile-maua. Ndege huyu ni wa rangi ya hudhurungi, kichwani ana bamba la buluu, vidole vyake virefu mno hadi anatembea juu ya majani yanayoelea kama mtu aliyevaa ungo miguuni. Niliyemwona alikuwa na miguu mingi. Nilihesabu sita, nikafikiri macho yamechoka. Mama akacheka: "Huyo baba amebeba watoto." Ni kweli. Kwa sile-maua, jike akishataga anaondoka kutafuta dume mwingine, na dume ndiye anayeatamia na kulea. Hatari ikija anawakumbatia vifaranga chini ya mabawa na kuondoka nao, miguu yao ikining'inia nje kama nyuzi. Alipoona tumetulia akawaachia, mmoja mmoja, wakaanza kudonoa.

Ningekuwa natembea nisingeona lolote kati ya hayo. Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: ukifika, chagua sehemu yenye kivuli, kaa dakika arobaini bila kuinuka. Dakika kumi za kwanza ni kimya, ndege wamekuona. Baada ya hapo mdiria wa madoa meusi na meupe anarudi kuelea hewani na kupiga mbizi, kwarara wanashuka, korongo domo-wazi anaanza kutoa konokono kwenye magamba. Usiingie kwenye maji yaliyotuama bila buti za mpira. Kichocho kipo, hakichagui mtalii na mwenyeji. Mtu wa mtumbwi patana naye bei kabla ya kupanda, na mwambie mapema kwamba hutaki awafukuze ndege ili waruke wote. Wanadhani ndiyo huduma nzuri.

Siku ambazo huna nauli, tazama mibuyu. Kuna cherero hapa kwetu mwenye kichwa cheusi, kola ya njano na mdomo mwekundu. Watoto wa mjini humwita kasuku mdogo. Kwa asili anaishi Tanzania peke yake. Wale walioko Kenya walipelekwa na watu. Anapenda matundu ya mbuyu. Simama chini ya mbuyu mkubwa wenye matundu saa kumi na moja jioni, sikiliza kelele, subiri kichwa kichungulie.

Ukishamaliza kama safari sita za maji, twende msituni. Mkoa wa Dodoma wote unaitwa mkavu, watu wakasahau kwamba Mpwapwa inagusa milima ya Rubeho, na juu kule ukungu unalala mitini. Misitu mingi ya hifadhi iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo kibali kwanza, na mwenyeji wa kukuongoza ni lazima. Ukitaka kujua misitu hii inaficha nini: mwaka 1991, kwenye milima ya Udzungwa, watafiti kutoka Denmark waliona miguu ya ajabu ndani ya sufuria ya mboga kambini. Ilikuwa ya kwale asiyejulikana kabisa na sayansi. Ndugu yake wa Rubeho alitangazwa kuwa spishi yake mwenyewe mwaka 2005. Wenyeji walikuwa wanamla miaka yote hiyo.

Msituni darubini inashuka daraja, sikio linapanda. Simama kwenye njia, fumba macho dakika mbili, jua sauti ziko pande gani na kimo gani. Nyingi hazitakupa ndege. Kisha ghafla unapita msafara, aina saba au kumi kwa pamoja, wanakula wakisonga. Una dakika tano, shika mmoja umtazame vizuri, usiruke huku na huku. Ukikuta siafu wamevuka njia, rudi hatua chache, chomeka suruali ndani ya soksi na subiri, maana kuna ndege wanaofuata siafu wakiokota wadudu wanaokimbia. Ukisikia mshindo wa mabawa kama mtu anapuliza moto kwa mvukuto, tazama juu, ni hondohondo. Kulukulu amekaa anaonekana wa kijani tu; wekundu wa mabawa hufunguka anaporuka, na rangi ile ina shaba ndani yake. Usimpigie ndege sauti yake kwa simu mara kwa mara ili aje. Anakuja akidhani kuna mvamizi, anaacha kiota.

Andika palepale. Simu ina programu nzuri za kutambua na kuorodhesha ndege, kama Merlin na eBird, pakua kila kitu ukiwa bado mjini, lakini nami bado nabeba daftari, kwa sababu chaji huisha na penseli haiishi. Andika ukubwa ukilinganisha na shomoro, tetere au kanga, umbo la mdomo, rangi ya miguu, alikuwa anafanya nini. Jina litakuja baadaye. Ukurasa wangu wa mwisho unasema hivi: Bahi, saa 12:20 asubuhi, mawingu, upepo kidogo. Yangeyange 60 hivi. Domomwiko 3. Sile-maua 4, mmoja na vifaranga wawili. Kwelea, wengi mno, mama anapiga debe. Ndege mdogo wa kahawia, mdogo kuliko shomoro, mkia anautikisa, miguu ya waridi, ameingia kwenye matete.