Kuchoma jiwe la fosfati maabarani: usikimbilie digrii 900

Jiwe la fosfati huchomwa ili kutoa maji, mabaki ya viumbe na kaboneti, na kiwango cha fosfati kipande. Wanafunzi wa memwari (tasnifu ya kumaliza chuo) hapa Lubumbashi wakipata tanuru la umeme hulipandisha moja kwa moja hadi 900, wanapima mara moja, kisha wanaandika "upungufu kwa moto". Namba hiyo haifai: maji, mabaki ya viumbe na hewa ukaa vyote vimetoka pamoja. Choma kwa ngazi, ukitumia kikombe kilekile cha kauri.

1. Saga, chekecha, pima gramu 20.

2. Digrii 105, usiku kucha. Pima.

3. Digrii 550, saa mbili, mlango wa tanuru wazi kidogo ili hewa ipite. Unga ukibaki mweusi, koroga urudishe. Jihadhari na fosfati ya bahari au ya ziwa: ina kaboneti ndani ya apatiti yenyewe, yaani madini yanayobeba fosfati, na kaboneti hiyo huanza kuachia kuanzia kama 500. Usiape kwamba kilichopungua hapa ni mabaki ya viumbe tu.

4. Digrii 900, saa mbili au zaidi. Hapa ndipo siku nzima hupotea, kwa hiyo twende polepole.

Kwanza, usiamini namba ya kwenye kioo cha tanuru. Weka ndani, kando ya sampuli, kikombe cha jiwe la chokaa la Kakontwe, lile la upande wa Likasi. Kaboneti safi ya kalsiamu hupoteza sehemu 44 kati ya 100 za uzito wake. Upungufu wa jiwe hilo ukiishia 30, tanuru halijafika au muda hautoshi. Umeme ukikatika katikati, washa tena na uendelee hadi vipimo viwili vifuatane sawa.

Pili, kilichobaki sasa si kaboneti, ni chokaa kali ambayo haijazimwa, na hiyo hunywa unyevu na hewa ukaa. Kati ya Novemba na Machi, mvua zikiwa zimeshika, sampuli iliyoachwa mezani huongezeka uzito huku unaitazama. Toa kikombe, tia kwenye chombo chenye mfuniko na silika kavu ya kunyonya unyevu, pima mara kinapopoa. Habari ya "nitapima kesho" sitaki kuisikia.

Tatu, hesabu. Tuseme gramu 20 zenye P₂O₅ (ndivyo fosfati inavyohesabiwa) 28% zimebaki 17.4. Fosfati haijaenda popote, ni gramu 5.6 zilezile, ila sasa ni 32%. Kama kati ya 550 na 900 zilitoka gramu 1.6 za hewa ukaa, na zote ni za kaboneti iliyo nje ya apatiti, ndani mna gramu 2 hivi za chokaa. Ukiitoa, unafika kama 36%.

5. Kuitoa chokaa. Wengi huosha kwa maji matupu. Mimi sipendi: chokaa iliyozimwa huyeyuka gramu 1.7 tu kwa lita, utahitaji zaidi ya lita moja na nusu kwa sampuli ndogo hivi. Tumia kloridi ya amoniamu, gramu 5 au 6 katika maji ya uvuguvugu. Fungua madirisha, maana amonia itatoka, na vaa miwani. Sampuli iwe imepoa kabisa. Chokaa kali ya moto huruka ikiguswa na maji.

6. Chuja, kausha, pima.

Florini usiitafute: kwa 900 karibu yote imebaki. Kuifukuza kunataka zaidi ya 1200, pamoja na mvuke na silika, na tanuru dogo haliwezi.

Sasa, kama shabaha yako ni kumwaga unga wa jiwe moja kwa moja kwenye udongo mwekundu wenye asidi wa huku kwetu, usichome. Jiwe la Minjingu, Tanzania, linasaidia mimea kwa sababu apatiti yake ina kaboneti ndani. Moto ukiitoa, fuwele hukaza na kuyeyuka kwake hushuka. Pima kwa asidi ya sitriki 2% kabla na baada, utaona. Apatiti iliyotokana na magma (mawe yaliyoyeyuka chini ya ardhi), kama ya Matongo, Burundi, haibadiliki sana yenyewe. Kinachoungua ni kaboneti iliyoizunguka. Fosfati za aluminiamu, kama za Thiès, Senegal, ziko kinyume: zikipoteza maji yake kwenye 500 hadi 600, huyeyuka kwa urahisi zaidi.