Jinsi ya Kuchagua Hoteli Nairobi Ukisafiri Kutoka Tanga

Mtu akifika Tanga mjini na kutaka pa kulala, hapati tabu. Barabara za Ngamiani zimehesabiwa kuanzia ya kwanza hadi ya 21, gesti zinajulikana kwa majina na kwa wenyewe, na ukikosa chumba barabara ya 9 unatembea kidogo ukakipata barabara ya 12. Mazoea hayo ndiyo yanayotuponza tunapokwenda Nairobi. Tunapanda gari la Horohoro tukiwa na begi la nguo na pasipoti, tukijiambia kwamba chumba tutakitafuta hukohuko, halafu tunajikuta tumesimama kando ya barabara tusiyoijua, usiku, katika mji ambao sensa ya mwaka 2019 iliukuta na watu zaidi ya milioni 4.3. Ninayoyaandika hapa ni kwa ajili ya wenzangu wa Tanga wanaokwenda huko kwa matibabu, biashara, viza au semina, na ambao fedha yao ni ya kupangia, si ya kuchezea.

Anza na shughuli inayokupeleka, si bei. Kabla hujafungua simu kutazama picha za vyumba, andika mahali hasa utakapotakiwa kuwa kila asubuhi, na saa unayotakiwa kufika. Ukiwa na mgonjwa wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta au Nairobi Hospital, tafuta upande wa Upper Hill na Hurlingham. Ukienda Aga Khan au MP Shah, tafuta Parklands na jirani yake Westlands. Mfanyabiashara wa nguo na vitambaa anayenunua Eastleigh hana sababu ya kulala kwingine isipokuwa Eastleigh, ambako hoteli ni nyingi, chakula ni halali, na mzigo hauhitaji kuvushwa mji mzima. Mwenye shughuli ya Umoja wa Mataifa au ubalozi wa Marekani anakwenda Gigiri, kaskazini mwa mji, na anayehudhuria mkutano kwenye jengo la KICC atafaa zaidi katikati ya mji, ambako atatembea kwa miguu. Hoteli za Barabara ya Mombasa zinamfaa anayewahi ndege ya alfajiri.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu nimelilipia. Nilipompeleka shangazi yangu kwenye kliniki ya Upper Hill, nilichagua chumba cha bei ndogo upande wa mashariki wa mji, nikahesabu kilomita kwenye ramani na kuona si nyingi. Asubuhi ya kwanza tulitoka saa 12 na nusu, na saa 2 ilitukuta bado tumekaa ndani ya teksi, shangazi ameegemea kioo huku miguu imeanza kumvimba, foleni haisogei. Siku tatu za teksi ziliikula akiba yote niliyodhani nimeipata kwenye chumba, na namba yake kwa daktari ilipita mara mbili. Rahisi ghali, wahenga walisema, na Nairobi usemi huo unauona kwa macho. Kwa hiyo usipime umbali kwa kilomita. Fungua ramani ya simu siku ya kazi, saa ileile utakayokuwa ukitoka, uangalie inakupa dakika ngapi kutoka hotelini hadi unakokwenda. Ukifanya hivyo Jumapili mchana utajidanganya, kwa kuwa siku hiyo barabara ni nyeupe.

Jambo la pili ni saa ya kufika, na hili wengi hawalifikirii kabisa. Wengi wetu hupitia mpaka wa Lunga Lunga, tunavuka feri ya Likoni, kisha tunapanda basi au treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017. Treni ya usiku hufika kabla jua halijachomoza, na stesheni yenyewe iko Syokimau, nje kabisa ya katikati ya mji. Hoteli nyingi hazimkabidhi mgeni chumba kabla ya mchana, mara nyingi saa 8, na zinataka atoke saa 4 au saa 5 asubuhi. Maana yake ni kwamba anayeshuka alfajiri ana saa nyingi za kukaa kwenye kiti cha mapokezi na begi lake. Kijana atavumilia, lakini mzee au mgonjwa hawezi. Unapoweka nafasi, taja saa utakayofika na uulize waziwazi kama chumba kitakuwa tayari, na kama hakitakuwa, uulize watakutoza kiasi gani ukiingia mapema. Ikibidi, lipia na usiku uliotangulia ili ukute kitanda kinakusubiri. Kwa mgonjwa, hiyo si fedha iliyopotea.

Ukishapata hoteli tatu au nne za upande unaoutaka, soma maoni ya waliolala humo, lakini yasome kwa kuanzia mabaya na mapya. Maoni ya kusifu hufanana yote. Yale ya kulalamika ndiyo yenye habari, na neno likijirudia kwa watu watatu wasiojuana, kama vile kelele, maji au kunguni, lichukue kuwa ni kweli. Tazama pia picha zilizopigwa na wageni wenyewe, kwa sababu picha za mwenye hoteli huonyesha kitanda na shuka jeupe tu. Chumba kimoja nilichokipenda kwenye picha kilikuwa na dirisha zuri lenye pazia la kahawia. Nilipolivuta pazia hilo nilikuta ukuta wa jengo la pili, karibu kiasi cha kuugusa kwa mkono, na mchana kutwa ilibidi taa iwake.

Kisha piga simu. Hapa tuna bahati ambayo mgeni wa mbali hana, kwani Kiswahili chetu kinasikika Nairobi, na mhudumu hukueleza kwa simu mambo ambayo hayaandikwi popote. Msalimie vizuri, usiharakishe, na uulize maswali yasiyojibika kwa neno moja. Ukisema, "Dada, kuna maji ya moto?" atakujibu kwamba yapo, na mazungumzo yamekwisha. Mwulize hivi: "Samahani dada, maji ya moto yanatoka saa ngapi hadi saa ngapi? Na bomba la mji likikatika, mnatumia nini?" Hapo atakueleza kama wana kisima na matangi, au kama hubeba ndoo. Maeneo mengi ya Nairobi hupata maji kwa mgawo, kwa hiyo swali hilo si la kudekeza. Mwulize pia chumba kiko ghorofa ya ngapi na kama lifti inafanya kazi, kwa maana majengo mengi ya zamani ya katikati ya mji ni ya ngazi tupu, na mtu wa goti bovu akipewa ghorofa ya nne atateseka kila anapotaka kwenda kula.

Uwe mwangalifu na neno lenyewe la hoteli. Ukimsimamisha mpita njia wa Nairobi na kumwomba akuonyeshe hoteli iliyo karibu, huenda akakupeleka panapouzwa chai, chapati na ugali, kwani kwao hoteli aghalabu ni mahali pa kula. Sema unatafuta mahali pa kulala, au useme lojingi, naye atakuelewa mara moja.

Baridi nayo tuiheshimu, sisi watu wa pwani. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti usiku wake hushuka hadi karibu nyuzi 12, hali ya kuwa vyumba vingi havina chombo cha kupasha joto. Ukisafiri miezi hiyo, ulizia blanketi la ziada na madirisha yanayofungika sawasawa. Kiyoyozi, ambacho Raskazone tungekiulizia kwanza, huko hakina umuhimu mkubwa, basi usilipie zaidi kwa ajili yake. Vyumba vingi vya bei ya kati vina kichwa cha bafu kinachopasha maji kwa umeme, na swichi yake mara nyingi iko ukutani, nje ya mlango wa bafu. Iwashe kwanza, kisha fungua maji kidogo kidogo, kwa sababu yakipita kwa nguvu hayapati nafasi ya kupata joto. Wageni wengi wameoga maji baridi siku zote wakidhani kifaa kimeharibika.

Kuhusu kelele, ujue kwamba River Road na mitaa inayoizunguka ni ya bei rahisi na iko karibu na ofisi nyingi za mabasi, lakini honi za matatu, yaani daladala za huko, na muziki wa baa havilali. Ukilala hapo usiku mmoja kwa ajili ya kuwahi basi, si neno. Ukikaa juma zima na mgonjwa, ni adhabu. Westlands na Kilimani ni mitaa ya hadhi zaidi, lakini nayo ina kumbi za starehe zinazopiga muziki hadi usiku mkubwa, hasa Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo omba chumba cha upande wa nyuma, usichelewe kuomba hadi siku ya kufika. Anayetaka mahali pasipo pombe atapapata kwa urahisi Eastleigh, na anayelala katikati ya mji ana Msikiti wa Jamia karibu.

Bei iulizwe kwa ukamilifu. Uliza kama ni ya chumba au ya mtu mmoja, kwa maana hoteli nyingine hutaja bei ya kila mtu kwa wanaolala wawili, na familia ikifika hukuta hesabu imezidi mara mbili. Uliza kama kifungua kinywa kimo, na kama kodi zimo, kwa kuwa kodi ya ongezeko la thamani ya Kenya ni asilimia 16 na tozo ya utalii ni asilimia 2. Halafu badilisha kwa shilingi zetu ukitumia kiwango cha siku hiyo. Katika miaka ya karibuni shilingi moja ya Kenya imekuwa ikipanda na kushuka kati ya shilingi 15 na 21 hivi za Tanzania, tofauti ambayo kwa siku kumi za hoteli inatosha kununua nauli ya kurudi.

Usitume fedha zote kabla ya kuona chumba, na hata kianzio usikitume kwenye namba ya mtu binafsi. Omba namba ya malipo iliyosajiliwa kwa jina la hoteli, na omba uthibitisho wa maandishi wenye tarehe, aina ya chumba, bei na saa ya kuingia. Beba pasipoti au hati yako ya dharura ya safari mkononi, kwani mapokezi wataitaka kabla ya kukupa ufunguo, na usiudhike mlinzi akikupekua mlangoni, maana mji ule umepata misiba mikubwa ya mashambulizi mwaka 1998 na mwaka 2013 na ukaguzi umekuwa desturi. Ukifika usiku, chukua teksi ya kuita kwa programu ya simu hadi mlangoni badala ya kutembea na begi.

Ukishafika, usiweke sahihi wala usilipe kilichobaki hadi umekiona chumba. Omba kupanda kukitazama. Fungua bomba usubiri maji yapate moto, vuta maji ya choo, funga mlango kwa ufunguo ukiwa ndani, inua kona ya godoro utazame mishono yake kama ina madoa meusi madogo ya kunguni, kisha simama kimya dirishani kwa dakika moja usikilize. Kama kuna kasoro, rudi mapokezi useme kwa upole na kwa uwazi, begi likiwa bado limefungwa, kwa sababu mgeni ambaye hajafungua begi hubadilishiwa chumba upesi kuliko yule aliyekwisha kutandaza nguo zake kitandani.